Nimeunda mashine ya kumenya kahawa: mkaguzi wa hataza atatazama nini?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Majengo, Moshi. Nimeunda mashine ya kumenya kahawa kwa ajili ya mkulima mdogo. Inatumia maji kidogo sana, na haivunji punje hata kahawa kubwa na ndogo zikichanganyika, kwa sababu bamba la kusugulia nimelikata vipande vinne na kila kipande kina springi zake (natumia za klachi ya pikipiki). Ya kwanza iko kwa mjomba wangu Kibosho tangu msimu uliopita. Agosti hii niliipeleka Nane Nane pale Themi, Arusha, watu wakaipiga picha na video. Sasa nataka kuisajili BRELA, ila rafiki yangu ananionya kwamba mkaguzi akishaona michoro atampa mwenye kiwanda. Mwingine anasema nijitumie michoro kwa rejista ya posta na nisifungue bahasha, muhuri utanilinda. Halafu nimeona video ya mashine ya Colombia inayomenya bila maji. Je, nimeshachelewa? Na huyo mkaguzi hasa anatazama nini?"*

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa kazi. Nimekaa miaka mingi nikisoma maombi ya mitambo kama yako, kwa hiyo nitakujibu kama mtu anayejua faili likifika mezani linafanyiwa nini. Una hofu tatu: kuibiwa, kuchelewa, na kwamba Wakolombia wamekutangulia. Ya kwanza ndiyo ndogo kuliko zote, lakini ndiyo inayowafanya mafundi wengi wa Moshi na Arusha wakae na kazi zao hadi zinapitwa na wakati. Kwa hiyo naanza nayo.

Mkaguzi hawezi kukupokonya uvumbuzi wako kwa kuusoma. Ombi ambalo halijachapishwa ni siri, na yeye anafungwa na sheria kuitunza. Hata tukisema mtu amevujisha, mfumo wa hataza (hati ya kumiliki uvumbuzi, yaani "patent") unamtazama aliyewasilisha kwanza. Siku ombi lako linapopokelewa linapewa tarehe, na yeyote atakayekuja na mashine ileile baada ya hapo amechelewa, awe na kiwanda au asiwe nacho. Kinachokulinda ni kuwasilisha ombi. Kukaa nalo ndiko kunakokuacha wazi. Katika utaratibu wa kikanda, wa ARIPO nitakaoueleza chini, ombi huchapishwa miezi 18 baada ya tarehe yake, na hapo kila mtu anaruhusiwa kulisoma. Hayo ndiyo makubaliano yenyewe: wewe unaufundisha umma namna kitu kinavyofanya kazi, na umma unakupa haki ya kuwazuia wengine kwa muda maalumu.

Bahasha ya posta iache. Muhuri unaweza kuonyesha kwamba tarehe fulani ulikuwa na karatasi fulani, basi. Hauzuii mtu kuchomelea mashine kama yako kesho asubuhi, wala hakuna ofisi itakayokupa hataza kwa sababu ya bahasha iliyofungwa. Vilevile usichanganye hataza na hakimiliki inayoshughulikiwa na COSOTA. Hakimiliki inalinda mchoro wako usinakiliwe kama mchoro. Anayeiangalia mashine yako na kuunda nyingine hajanakili mchoro wako, na hakimiliki haimgusi.

Sasa kuchelewa. Hapa naomba tuongee bila kufichana. Ili uvumbuzi upate hataza ni lazima uwe mpya, na upya unapimwa kwa dunia nzima, si kwa Kilimanjaro peke yake. Chochote kilichowekwa wazi kwa umma popote duniani kabla ya tarehe ya ombi lako kinahesabiwa dhidi yako, hata kama aliyekiweka wazi ni wewe mwenyewe. Mafundi wengi hushangaa wakisikia hivyo. Wanadhani kuonyesha mbele ya watu ndiko kunakothibitisha umiliki, kumbe mara nyingi ndiko kunakouharibu.

Kwa upande wa Themi una nafasi. Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, yaani makubaliano ya hataza ya kikanda ambayo Tanzania ni mwanachama wake, inasema kuonyesha uvumbuzi kwenye maonyesho rasmi au yanayotambuliwa rasmi hakuhesabiwi dhidi ya mwombaji, mradi ombi liwasilishwe ndani ya miezi sita. Kama uliifungua mashine pale uwanjani tarehe 1 Agosti, mwisho wako ni mwanzoni mwa Februari. Usihesabu kuanzia kilele cha tarehe 8, hesabu kuanzia siku ya kwanza watu walipoiona. Na usiiweke nafasi hiyo kama nguzo yako kuu. Kutambuliwa rasmi kwa maonyesho ni jambo linaloweza kubishaniwa, na video aliyoirusha mtazamaji kwenye simu inaleta ubishi mwingine juu yake. Tafuta barua ya mwandaaji inayoonyesha kwamba ulishiriki, tarehe ngapi, na ulionyesha nini. Kisha wasilisha ombi mapema kana kwamba nafasi hiyo haipo.

Kinachonipa wasiwasi kuliko Themi ni Kibosho. Mashine iliyotumika msimu mzima kwa mjomba haimo kwenye msamaha wa maonyesho. Kinachotafutwa hapo ni kama umma uliweza kujua siri ya mashine. Mashine imekaa uani, imefunikwa bati pande zote, na majirani wanaona kahawa inaingia huku na kutoka kule? Basi springi zako bado hazijulikani. Kama jirani aliyekuja kumenya debe zake alikuwa anafungua kifuniko na kukushika mkono kukupongeza kwa vile vipande vinne, hali ni nyingine. Kaa na mjomba, muulize nani aliifungua, nani aliisafisha, nani aliambiwa inavyofanya kazi. Andika majibu yake. Na kuanzia leo ifungwe, asiikague mtu hadi ombi lipokelewe.

Tuje kwa mkaguzi mwenyewe, maana hilo ndilo uliloniuliza hasa.

Kwanza ujue njia ya faili. Kwa Tanzania Bara, hataza ziko chini ya Sheria ya Hataza, Sura ya 217, na msajili yuko BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Unaweza kuomba hapohapo kwa ajili ya Tanzania Bara. Unaweza pia kupitia ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda lenye makao yake Harare, ambako ombi moja hutaja nchi kadhaa, mfano Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Huko ukaguzi wa kwanza ni wa makaratasi: fomu, michoro, ada, saini. Ukaguzi wa pili ndio wenye uzito, ule wa uvumbuzi wenyewe. Wakiridhika, nchi ulizotaja hupewa miezi sita ya kusema kama hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwao.

Mkaguzi haiwashi mashine yako. Hapimi kama ni imara, kama bei ni nzuri, wala kama mama wa Kibosho ataipenda. Ubora ni kazi ya TBS, na kwa zana za kilimo wapo CAMARTEC pale Arusha wanaozijaribu. Mkaguzi anakaa na maandishi, na ukurasa anaoukimbilia kabla ya yote ni wa madai, yaani zile sentensi za mwishoni zinazotaja ni kitu gani hasa unataka kiwe chako. Madai ni kama masale yanayopandwa mpakani mwa kihamba: yanamwonyesha jirani mwisho wa kwake na mwanzo wa kwako. Maelezo marefu na michoro mizuri vinasaidia kuyaelewa madai, lakini kisichokuwa ndani ya madai hukukiomba.

Akishayasoma, anayavunja vipande. Kwako ataandika: ngoma inayozunguka, bamba la kusugulia linaloitazama ngoma, bamba limegawanywa vipande, kila kipande kinasukumwa na springi yake, maji yanarudishwa yatumike tena. Kisha anatafuta kila kipande kimeshaonekana wapi. Hatafuti kwa maneno tu, kwa sababu fundi mmoja huita bamba, mwingine huita kifua, mwingine sahani. Anatumia mpangilio wa kimataifa wa hataza, uliotokana na mkataba wa Strasbourg wa 1971, wenye mafungu zaidi ya 70,000. Mashine za kupukuchua mahindi ziko A01F 11/06. Za kumenya matunda yaliyovunwa, kahawa ikiwemo, anza kuzitafuta kwenye A23N. Ukijua fungu lako unaweza kufungua Espacenet au Patentscope, tovuti za kutafutia hataza, bure hapo karakanani kwa simu, na ukaona michoro ileile anayoiona mkaguzi. Fanya hivyo kabla hujalipa ada yoyote. Tazama michoro tu, hata kama maandishi ni ya Kihispania au Kireno. Wewe ni fundi, mchoro wa mashine utakueleza zaidi ya unavyodhani.

Na asidhani mtu kwamba mkaguzi anaishia kwenye hataza. Katalogi ya kiwanda, tasnifu ya mwanafunzi wa SUA, jarida la utafiti wa kahawa kutoka kituo cha Lyamungu, video yenye tarehe, vyote vinahesabika.

Hapo ndipo Colombia inapoingia. Watafiti wa Cenicafé, taasisi ya utafiti wa kahawa ya huko, walitoa miaka ya 1990 mtambo uitwao Becolsub. Unamenya kahawa bila maji na kuondoa ute kwa kusugua badala ya kuvundika, ukitumia chini ya lita moja ya maji kwa kilo ya kahawa kavu, wakati njia ya zamani ilifika lita 40 hivi. Umeandikwa sana, na mashine za aina hiyo zimeuzwa nchi nyingi. Kwa hiyo ukiandika dai lako hivi, "mashine ya kumenya kahawa inayotumia maji kidogo", mkaguzi atalikataa mara moja, na atakuwa sahihi. Kwenye ripoti yake ataweka herufi X mbele ya waraka unaoueleza mtambo huo, maana yake waraka mmoja peke yake unatosha kuliangusha dai. Y ni waraka unaoliangusha ukiunganishwa na mwingine. A ni wa kuonyesha tu hali ya teknolojia ilivyo, hauna ubaya na wewe.

Lakini usikate tamaa. Nimesoma swali lako zaidi ya mara moja, na naona sifa yako umeiweka kwenye maji wakati kilichonivutia mimi ni bamba. Mabamba yanayorekebishwa kwa skrubu ni ya zamani sana: unakaza, unalegeza, bamba zima linasogea. Kinachotokea ni hiki: ukiliweka kwa kahawa ndogo, kubwa inavunjika. Ukiliweka kwa kubwa, ndogo inapita na ganda lake. Wewe umeligawa bamba, kila kipande kinarudi nyuma chenyewe kinapokutana na punje kubwa, huku vingine vitatu vinaendelea kubana zile ndogo. Huo ni utendaji tofauti. Kama hakuna aliyeuandika kabla yako, una upya.

Upya pekee hautoshi kwa hataza kamili. Mkaguzi anakwenda kwenye swali la pili, lenye ubishi kuliko yote: je, fundi mwenye ujuzi wa kawaida wa mashine hizi, akiwa na waraka wa karibu zaidi mezani, angefika hapo bila kuumiza kichwa? Hiyo ndiyo hatua ya uvumbuzi. Anachukua waraka unaofanana nawe zaidi, anatafuta tofauti, anajiuliza tofauti hiyo inaleta faida gani, kisha anauliza kama kuna mahali pengine faida hiyo hupatikana kwa njia hiyohiyo. Akikuta mashine ya kumenya kokwa nyingine yenye bamba la vipande na springi, atasema: ungeweza kuvileta pamoja bila jasho. Hapo ndipo vipimo vyako vinapokuwa na kazi. Chukua kahawa mchanganyiko kutoka shamba moja, igawe mafungu sawa, pitisha kwenye bamba zima na kwenye bamba lako, kisha hesabu punje zilizovunjika na zilizopita na ganda. Andika. Mkaguzi hasomi "inafanya vizuri sana", anasoma tofauti iliyopimwa.

Kuhusu springi za klachi ya pikipiki, kwake hazina maana yoyote, na usizitaje kwenye dai. Ukiandika "springi za klachi ya pikipiki", mshindani ataweka springi za godoro na amekukwepa kihalali. Kwenye maelezo ziandike, maana lazima umwonyeshe msomaji namna bora unayoijua ya kuiunda. Kwenye dai la kwanza andika jambo pana kadiri ukweli unavyoruhusu, kwa mfano: mashine ya kumenya kahawa yenye ngoma inayozunguka na bamba la kusugulia, ambapo bamba hilo lina vipande viwili au zaidi, na kila kipande kinaweza kurudi nyuma peke yake kwa nguvu ya kifaa cha kusukuma. Kisha dai la pili liseme kifaa hicho ni springi, la tatu vipande ni vinne, la nne maji yanarudishwa kupitia chujio. Likianguka la juu, la chini linaweza kusimama.

Hapohapo nijibu ule msemo unaozunguka karakana za Unga Limited, Arusha, na Majengo, kwamba mtu akibadilisha bolti moja hataza yako haina kazi. Si kweli. Anayekiuka ni yule ambaye mashine yake ina kila kitu kilichotajwa kwenye dai lako, hata kama ameongeza vingine kumi au amebadilisha rangi na bolti. Ndiyo maana kila neno la ziada ndani ya dai ni mlango unaomwachia. Ukitaja maji kwenye dai la kwanza, asiyetumia maji ametoka.

Jambo jingine ambalo limewaumiza watu: ukishawasilisha, huruhusiwi kuongeza kitu kipya kwenye maelezo. Unaweza kupunguza na kunyoosha madai, lakini kama hukuandika kabisa kwamba vipande vinaweza kuwa vya mpira, huwezi kuja kulisema hilo barua ya mkaguzi ikifika. Mwaga kila ulichonacho tangu mwanzo, na michoro ya kila pembe. Na barua hiyo ya kwanza mara nyingi huja na "hapana". Usiiweke kabatini kwa hasira. Inakuambia nyaraka zipi zimekuziba na sababu yake, na inakupa muda wa kujibu. Maombi mengi mazuri niliyoyaona yalipita baada ya madai kufinywa. Hata ARIPO wakikataa kabisa, una miezi mitatu ya kuomba lishughulikiwe kama ombi la taifa kwenye nchi uliyoitaja.

Sasa, je, uende njia ipi? Mimi ningekuwa wewe nisingekimbilia hataza kamili kwanza. Ipo hati nyepesi kwa uvumbuzi mdogo, ndani ya sheria yetu na pia ARIPO, inayotaka kitu kiwe kipya na kitumike viwandani bila kukipima kwa ile hatua ya uvumbuzi. Muda wake ni mfupi kuliko miaka 20 ya hataza, lakini kwa bamba lenye springi linaloweza kupitwa na bamba bora zaidi baada ya misimu michache, muda huo unatosha. Kama vipimo vyako vitaonyesha tofauti kubwa na unaona soko hadi Uganda na Rwanda, hapo omba hataza. Ukianza na ombi hapa nchini, Mkataba wa Paris wa miliki ya viwanda unakupa miezi 12 ya kuomba kwingine kwa tarehe ileile.

Pima pia mfuko. Kuna ada ya kuomba, ya ukaguzi, ya kutolewa hati, na kila mwaka ada ya kuiweka hai. Ukiacha kulipa inakufa. Halafu hakuna askari atakayezunguka karakana za Arusha kukulindia. Ukimkuta mtu anakuiga, ni wewe wa kumwandikia na ni wewe wa kwenda mahakamani. Kama unatarajia kuuza mashine chache tu kwa majirani, jina zuri lililosajiliwa kama alama ya biashara linaweza kukufaa zaidi: linasimama miaka saba, kisha linahuishwa kila miaka kumi.

Na kuna neema moja watu hawaioni. Hataza ni ya nchi iliyotolewa. Ukikuta kwenye Espacenet mashine ya kuondoa ute iliyosajiliwa Colombia tu na haikuombwa Tanzania, huwezi kuisajili kuwa yako, lakini unaweza kuiunda na kuiuza hapa kihalali. Unganisha mashine yao ya kuondoa ute na bamba lako, mkulima wa Machame atanufaika na vyote viwili.

Hadi hapa nimekujibu kwa maandishi, ila madai usiyaandike peke yako. ARIPO wanafanya kazi kwa Kiingereza, na neno moja likikosewa kwenye dai linakugharimu hati nzima. Nenda SIDO Moshi, au Chuo cha Nelson Mandela kule Arusha, uulize nani anaweza kukusaidia kutafuta nyaraka na kukuelekeza kwa wakala wa hataza. Kabla hujafungua michoro mbele ya mtu yeyote, awe mfadhili, mhandisi au ndugu, asaini karatasi fupi ya kutunza siri. Beba michoro, majibu ya mjomba, barua ya maonyesho na daftari la vipimo. Ukishakaa na wakala, muulize mambo mawili: ni waraka gani wa zamani unaofanana zaidi na mashine yangu, na mtu akitaka kulikwepa dai hili la kwanza atabadilisha nini? Akikujibu bila kuwa ametafuta lolote, chukua michoro yako utafute mwingine, maana Februari iko karibu.